Mwaka Mpya na Hesabu ya Msafiri

Kila unapoandama mwezi wa Muharram, sisi Waislamu wa huku bara, kando ya ziwa, huupokea mwaka mpya kwa kimya. Hapana fataki, hapana ngoma, wala hapana mtu akeshaye kungoja saa sita ya usiku. Wengi wetu hata hatujui kama mwaka umekwisha mpaka khatibu aseme juu ya mimbari siku ya Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani twautafuta vilimani, wazee kwa watoto. Mwezi wa Muharram huingia peke yake, kama mgeni abishaye hodi katika nyumba ambayo wenyewe wamelala.

Twataka leo kuzungumza na wasomaji wetu, akina baba na akina mama na vijana wao, juu ya mambo mawili ambayo kwa maoni yetu ni jambo moja: kuhesabu mwaka, na kusafiri. Hatutasema kwa elimu kubwa, kwani kazi yetu ni kusomesha chuo hapa Kabasa, na masomo yetu ni Qurani na shule ya msingi tu. Tutasema tuliyoyaona katika safari ya siku nne tuliyoifanya mwanzo wa mwaka 1447, uliosadifu mwisho wa Juni 2025. Safari yenyewe ilikuwa fupi, wala haikututoa nje ya mkoa wetu wa Mara. Walakini ilitufunulia jambo ambalo tumelala nalo na kuamka nalo kwa miaka 10 bila ya kuliona.

TAREHE ILIYOTOKANA NA DENI

Watu wengi hudhani kwamba hesabu ya miaka yetu iliwekwa na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Sivyo. Waarabu walikuwa na miezi yao 12, lakini miaka hawakuihesabu kwa nambari; waliitaja kwa mambo makubwa yaliyotokea, kama walivyosema Mwaka wa Ndovu, na kama wazee wetu wa huku walivyosema mwaka wa njaa au mwaka wa nzige. Ikawa hivyo mpaka ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), kiasi cha miaka 16 au 17 baada ya Hijra. Inasimuliwa kwamba aliletewa hati ya deni, imeandikwa ndani yake kuwa malipo ni Shaabani. Akauliza ni Shaabani ipi: iliyopita, au hii waliyo nayo, au ijayo? Hapana aliyeweza kumjibu. Ndipo alipowakusanya masahaba, wakashauriana. Wako waliotaka hesabu ianzie kuzaliwa kwa Mtume, na wengine kufa kwake. Mwisho wakakubaliana ianzie Hijra, yaani safari ya kutoka Makka kwenda Madina katika mwaka 622. Mwezi wa kwanza ukawa Muharram, ambao Waswahili wa pwani huuita Mfunguo Nne, ingawa Mtume aliingia Madina katika Mfunguo Sita.

Ewe msomaji, yatazame vizuri mambo haya. Tarehe ya Waislamu ilipatikana kwa sababu ya deni: ili mwenye haki ajue lini atapata haki yake, na mwenye kudaiwa asipate pa kujifichia. Kisha haikuanzia siku ya mtu kuzaliwa wala kutawazwa, bali ilianzia siku za watu kuondoka makwao. Na safari ile iliishia wapi? Iliishia katika mji wenye kabila mbili, Ausi na Khazraji, zilizopigana miaka mingi hata zikachoka. Mtume alipofika aliwapatanisha, akaunga undugu baina ya Muhajiri aliyekuja na Ansari aliyemkuta, mtu na mwenziwe. Basi asili ya mwaka wetu ni deni, na safari, na undugu. Atakayeuadhimisha kwa maneno matupu, na ilhali deni lake halijalipwa na ndugu yake hasemi naye, huyo hajauingia mwaka mpya. Amebadilisha nambari tu.

Watu wa pwani nao, tangu zamani, wameujua mwaka kuwa ni wakati wa kusafisha. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, mpaka leo husherehekewa katika mwezi wa Julai Mwaka Kogwa, ambao ni mwaka wa jua uliotokana na Nairuzi ya Waajemi. Siku hiyo wanaume hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka uliokwisha kitoke, kisha hupatana. Sisi hatuwaiti watu kwenye mila hiyo. Lakini hata ndani yake imo akili moja ya kuzingatiwa: walioianzisha walijua kwamba mwaka mpya haukai katika kifua kilichojaa kinyongo cha zamani.

Tena mwaka wetu hauna subira. Una siku 354 au 355, hupungua kwa ule wa jua siku 10 au 11, hata kila miaka 32 ya jua huwa ni 33 ya mwezi. Mtu mwenye miaka 55 kwa hesabu ya Januari amekwisha pita 56 kwa hesabu ya Muharram. Nasi tu katika umri huo. Deni la mtu wa umri huo haliwezi kungoja sana.

SWALI LA MTOTO

Katika chuo chetu tuna desturi moja. Usiku wa kuingia mwaka, baada ya sala ya Isha, vijana wakubwa hukaa kila mmoja na karatasi yake. Upande mmoja huandika aliyopewa na Mungu katika mwaka uliokwisha: afya, mvua, sura alizohifadhi. Upande wa pili huandika anayodaiwa: sala alizozilalia, saumu asizolipa, neno baya alilomwambia mama yake, kalamu aliyoazima na hakuirudisha. Karatasi hizo hatuzisomi. Kila mtu huiweka yake mpaka alipe.

Usiku ule wa Muharram 1447 tulikuwa twatembea baina yao na taa mkononi, mvulana mmoja wa miaka 11 akainua kichwa akasema, "Maalim, na karatasi yako iko wapi?"

Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka. Kwa miaka yote tuliyofanya desturi ile hatukupata kuandika hata herufi moja. Tulichukua karatasi, tukakaa pamoja nao mkekani, na upande wa madeni mkono wetu ukaandika neno moja mara moja, bila ya kufikiri: kaka.

Hapana budi tueleze. Baba yetu alifariki mwaka 2015, na mama yetu alikwisha mtangulia. Aliacha shamba upande wa Guta, kando ya Ghuba ya Speke, mahali pazuri pa muhogo na mtama, na chini yake ufuko wa kuegesha mitumbwi. Sisi na kaka yetu, akaaye Musoma kwa biashara ya samaki, tuligawana shamba lile nusu kwa nusu, na mpaka tukaufanya kwa safu ya minyaa. Mwaka 2019 kaka akasema kwamba minyaa ile imesogea upande wake kwa hatua 17. Sisi tukasema minyaa haina miguu. Tukapelekana barazani mara mbili, mbele ya watu waliomjua baba yetu. Yakasemwa maneno ambayo ndugu wa tumbo moja hawasemezani. Tangu siku ile hatukuamkiana tena, wala katika misiba.

Nasi ndio tunaowafundisha watoto kwamba si halali Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu! Tulipiga hesabu pale mkekani: siku tatu zilikuwa zimekwisha kuwa miaka sita. Asubuhi yake tukamwachia msaidizi wetu chuo, tukafunga kanzu moja katika mfuko, tukashika njia ya Bunda.

NJIANI

Waswahili husema, "Tembea uone." Na Mwenyezi Mungu katika Qurani ametuamrisha mahali pengi tuitembee ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Lakini kutembea ni kumoja na kuona ni kwingine.

Ibn Battuta aliondoka kwao Tanja, katika Maghribi, mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akikusudia kuhiji. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Alikuwa mtu wa fikihi, na macho yake yalitafuta watu: akawasifu watu wa Mombasa kwa dini yao, na akamsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu wake kwa masikini. Mji ule wa Kilwa Kisiwani ulivunjwa na Wareno mwaka 1505; leo mtu aendaye huko huona magofu ya msikiti mkubwa na kuba zake, na miti juu ya kuta. Utajiri wa dhahabu umekwenda zake. Lililobaki katika kitabu cha msafiri ni kwamba sultani yule alikuwa akitoa.

Msafiri mwingine alikuja huku kwetu. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika upande wa Mwanza. Habari za ziwa yeye na mwenziwe Burton walikuwa wamezipata kwa Waarabu wa Tabora, na hasa kwa tajiri mmoja aitwaye Snay bin Amir. Speke akapanda kilimani, akalitazama ziwa siku chache, akalipa jina la malkia wa kwao, akarudi na kusema kwamba hapa ndipo Mto Nile utokapo. Kwa hilo la Nile alisadifu, ingawa hakuuona mto ukitoka mpaka mwaka 1862, katika safari nyingine, kule Jinja. Walakini watu wa kando ya ziwa hawakuwa wakingoja kupewa jina, walikuwa nalo. Ndiyo sababu twasema kuna macho ya namna mbili. Kuna jicho liendalo kutaja, na kuna jicho liendalo kujifunza. Sisi tulipopanda gari pale Bunda tulikuwa na jicho la kutaja. Tulikuwa tumekwisha andika katika karatasi yetu deni letu ni nini na mdai wetu ni nani, tukadhani kazi iliyobaki ni kufika tu.

Gari lilipopita chini ya kilima cha Balili tulitazama nyuma. Ulikuwa msimu wa pamba, na juu ya baiskeli na mikokoteni yalipita mafurushi meupe. Kabasa yetu haikuonekana tena. Nyumba, chuo, msikiti, na maneno yote tuliyoyaona makubwa, yalikuwa yameingia katika ukungu wa vumbi usiozidi upana wa kiganja. Tukasema moyoni, subhanallah, hapa ndipo pametushughulisha miaka yote hii.

BUTIAMA

Tulipita Kiabakari, tukateremka Makutano, tukapanda gari jingine hadi Butiama. Nia yetu ilikuwa kulala usiku mmoja kwa dada yetu, mdogo wetu wa mwisho, aliyeolewa huko, kisha kesho yake tuendelee Musoma kwa kaka.

Kwa kuwa jua lilikuwa bado juu tulikwenda kwanza Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu Julius Nyerere. Hakuwa Muislamu, lakini mazingatio hayana mpaka. Mtoto huyu wa Butiama, aliyezaliwa 1922, aliondoka kwao mwaka 1934 akiwa na miaka 12 kwenda kusoma Mwisenge, Musoma. Akafika mbali na mwendo huo: Tabora, Makerere, Edinburgh, na uongozi wa nchi tangu uhuru wa 1961 hata alipong'atuka urais mwaka 1985. Kisha akarudi pale pale kwenye mawe ya kwao, akalima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa kuzikwa nyumbani. Makaburi ya wazazi wake hayako mbali na lake. Tulisimama pale, tukajaribu kukumbuka siku ya mwisho ambayo sisi na kaka yetu tulilizuru kaburi la baba yetu kwa pamoja. Hatukuikumbuka. Labda haikupata kuwako.

Dada yetu alitupokea kwa furaha. "Shikamoo, kaka. Karibu, Maalim wetu." Akatupikia ugali wa muhogo na mtama kwa dagaa, akatutandikia. Mumewe alifariki miaka minne nyuma, naye ana watoto watatu. Asubuhi tulipotoka kusali Alfajiri tulimkuta uani, jembe begani, anamwelekeza mtoto mkubwa uji wa wadogo zake.

Tukamwuliza, "Shamba lako liko mbali?"

Akasema, "Si langu, kaka. Nimekodi. Nikishavuna namlipa mwenyewe, msimu mwingine naomba tena akikubali."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokufa shemeji yako. Wakwe walichukua lao."

Akaenda zake. Hakusema kwa kulalamika, alijibu alilouliziwa. Lakini sisi tulibaki pale uani kama mtu aliyepigwa kofi na asiyeonekana. Tangu afiwe tulikuwa tumekuja kwake mara nne. Mara nne tulikula, tukalala, tukaomba dua, tukaondoka. Hatukupata kumwuliza analima wapi.

Msomaji wetu huenda amekwisha liona ambalo sisi hatukuliona kwa miaka 10. Baba aliacha watoto watatu, nasi tuligawana nusu kwa nusu. Katika chuo chetu cha Kabasa twasomesha mafungu ya mirathi kama yalivyo katika Suratun Nisaa: mwanamume fungu mbili, mwanamke fungu moja. Wana wawili wa kiume na mmoja wa kike, mali hukatwa mafungu matano: mawili ya huyu, mawili ya yule, na moja la binti. Hesabu hii mvulana wa miaka 11 huifanya kwa vidole. Nasi tuliojua hatukuifanya, kwa kuwa desturi ya huku ilisema binti huolewa na ardhi haiolewi, na desturi hiyo ilikuwa na faida kwetu. Tulimnyang'anya dada yetu moja ya tano ya shamba, kisha tukakaa miaka sita tukigombea na kaka yetu hatua 17 za upana!

Waswahili wana methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Ndugu tuligombana. Na aliyekuwa amechukua jembe, akalime shamba la watu, ni dada yetu.

MUSOMA

Tulimkuta kaka yetu mwaloni Mwigobero, anapimisha dagaa. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Tulipoachana zilikuwa na mvi chache tu. Tukasema, "Shikamoo, kaka."

Alikawia kujibu. Mwisho akasema, "Marahaba, Maalim. Umeleta karatasi za baraza?"

"Nimeleta karatasi, lakini si ya baraza."

Tukampa ile karatasi ya usiku wa Muharram. Pale pale njiani tulikuwa tumeandika chini ya neno la kwanza neno la pili: dada. Akaisoma, akakaa juu ya kreti, akatupisha nafasi. Tukamweleza tuliyoyaona Butiama. Tukamwambia kwamba katika zile hatua 17 tunamwachia zote, kwa kuwa hatukuja kwa ajili hiyo tena.

Kaka yetu si mtu wa kusoma. Alitazama maji muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo hatutayasahau. "Hili la dada mimi nililijua siku ile ile tulipogawa. Nikakutazama wewe. Nikasema mwenye elimu ndiye atakayesema. Uliponyamaza, nikajua elimu yako inakaa upande wa shamba lako, ndipo nami nikaanza kuzihesabu hatua zangu."

Ndugu msomaji, twaandika haya kwa haya kubwa. Tulikuwa tumesafiri kwenda kumsamehe mtu, tukaonyeshwa kwamba ugomvi wenyewe ulizaliwa na ukimya wetu. Tusingaliyasikia haya Kabasa. Kabasa sisi ni Maalim. Watoto hututazama tukiwa tumesimama. Ilibidi tufike mahali ambapo hatuna cheo, tukae juu ya kreti la samaki, ndipo tuambiwe.

ZIWA NA MPAKA WETU

Siku ya nne tulikutana Guta, watatu sote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto wa baba yetu kusimama pamoja juu ya shamba lile tangu mazishi.

Tulikwenda moja kwa moja kuzitafuta zile hatua 17. Hazikuwako. Wasomaji wa kando ya ziwa wanajua habari hii. Kutoka 1961 mpaka 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili kwa sababu ya mvua kubwa, kwani maji mengi ya ziwa letu hutokana na mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Kisha likashuka polepole kwa miaka mingi, hata mwaka 2006 likawa chini sana. Halafu mvua za 2019 na 2020 zikalipandisha tena mpaka likafikia alama za 1964, na mwaka 2024 likafurika tena. Sisi na kaka tulikuwa na habari kwamba maji yameingia shambani, lakini kila mmoja wetu aliona haya kwenda kutazama, asije akakutana na mwenziwe. Sasa tuliona. Sehemu ya chini, pamoja na ukanda wote tulioupeleka barazani, ilikuwa tope na matete. Minyaa ilikuwa imesimama majini, mikavu, myeupe kama mifupa. Ziwa lilikuwa limekwisha toa hukumu yake mwaka mmoja tu baada ya kesi yetu, sisi tukaendelea kununiana juu ya mpaka wa samaki.

Kaka akacheka kwanza. Kisha tukacheka sote, na dada akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Tukaipima ardhi kavu iliyobaki kwa kamba, tukaikata mafungu matano. Fungu la dada tukalitoa upande wa juu, usiofikiwa na maji, mahali ambapo sisi tulikuwa tumelima muhogo wetu. Ukweli ni kwamba moyo uliuma. Ndilo lililokuwa bora la shamba. Tulimwambia avune muhogo wenyewe, na mvua za vuli zilizofuata alipanda wake.

Hatusemi kwamba mambo yote yamekwisha. Kumebaki mavuno ya miaka 10. Kaka yetu asema hayahesabiki, sisi twasema yakadiriwe na yalipwe kidogo kidogo. Na mmoja wa wanawe hakupendezwa na shangazi kupewa ardhi, naye bado hajaja kuamkia. Lakini sasa tunabishana tukiwa twala sahani moja, na mabishano ya sahani moja yana mwisho.

NASAHA KWA WENYE NYUMBA

Kwa hayo twapenda kuwausia wasomaji wetu mambo machache kwa mwaka huu.

Kwanza, usiku wa Muharram baba na mama wakae na watoto wao, kila mmoja na karatasi yake, na mkubwa aandike mbele ya mdogo. Mtoto akimwona mzazi wake anaandika madeni yake atajifunza zaidi kuliko kwa hotuba kumi. Mwenyezi Mungu ametutaka kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho, wala hakuwatoa waalimu katika amri hiyo.

Pili, msiishie kwenye karatasi. Karatasi yetu ilikuwa na neno moja, na neno lile lilikuwa nusu ya ukweli. Tokeni mwende. Si lazima iwe Makka wala Kilwa, kwani wengi wetu nauli hiyo hatuna. Nendeni kwa ndugu aliye mbali kidogo, mlale kwake, mwamke naye, mwone jembe lake liko wapi na chungu chake kina nini. Mgeni wa saa moja huona uso uliokwisha pangwa. Mgeni wa usiku na asubuhi huona nyumba.

Tatu, mfikapo msiseme kwanza, ulizeni. Sisi tuliuliza maneno manne tu uani pale Butiama, yakatufungua kuliko miaka yetu ya kusomesha.

Nne, siku ya kumi ya mwezi huu, siku ya Ashura, na ya tisa kabla yake, tunaofunga tufunge tukijua kwamba saumu haifuti haki za watu. Deni la Mungu huombewa msamaha kwake. Deni la dada yako liko mikononi mwa dada yako. Na dawa ya deni ni kulipa.

Mwaka huu, vijana wa chuo walipokaa tena na karatasi zao, yule mvulana alitutazama tu bila ya kusema. Tulikuwa tumekwisha kaa mkekani, karatasi ipo magotini, na upande wa madeni lilikuwa limeandikwa jina la mtoto wa kaka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aufanye mwaka huu kuwa wa kheri kwa kila nyumba ya Kiislamu, autie wepesi katika njia za wasafiri, alainishe nyoyo za ndugu waliohamana, na awarudishie wenye haki haki zao kabla ya siku ambayo hapana dinari wala dirhamu. Amin.